Maganda Matatu

"Dada yangu siyo mchawi, aisee! Miaka tisa anakufulia mashuka, leo ndiyo akuwekee sumu?"

"Sijasema mchawi. Nimesema polisi wamekuta maganda ya dawa kwenye kizoleo chake. Matatu. Matupu."

"Kizoleo chake? Alikinunua yeye? Kizoleo cha kwako, nyumba ya kwako, mke wa kwako, dawa umenunua wewe. Mbona wewe hukulala ndani?"

"Usinipigie kelele dukani kwangu."

"Nitapiga! Nitapiga mpaka polisi wa Msimbazi wasikie!"

Duka zima likazima. Balbu mia na kitu zilizokuwa zinawaka ukutani zikafa kwa mpigo mmoja, mapangaboi yakapunguza mwendo, yakasimama. Wateja wawili waliokuwa wanachagua soketi wakatazamana. Pale pembeni, mkono ukiwa bado kwenye swichi kubwa, alisimama Wilbert.

"Mkimaliza niambieni, niwashe," alisema. "Joto likiwazidi, hilo mtajua wenyewe."

Aliyekuwa anapiga kelele ni Elisaria, Mchaga wa ndoo na mabeseni ya jumla, duka lake mtaa wa pili. Aliyekuwa anajibu ni Pranav, mwenye hili duka la nyaya, ambaye hajanyoa tangu Jumanne. Wilbert ndiye aliyeitwa kukaa katikati. Shule aliiacha kidato cha pili, akabeba mizigo Kariakoo mpaka mgongo ukamkataa, halafu akagundua kipaji chake: kutafuta. Robota la vitenge likipotea, mfanyakazi akitoroka na simu, wenye maduka walimpigia yeye kabla ya polisi. Safari hii Elisaria alimpigia baada ya polisi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

Aliwasha swichi. Balbu zikarudi.

"Nirudie nilichosikia," alisema. "Jumanne saa saba mchana, bosi, ulipanda juu kula. Ukamkuta mkeo Nirali kwenye kiti, mdomo wa bluu, anavuta pumzi moja, unahesabu mpaka kumi ndiyo inakuja nyingine. Ukamkimbiza hospitali. Polisi wakaja, wakakuta kapsuli tatu tupu kwenye kizoleo alichoshika Theopista, mfanyakazi wenu, dada wa Elisaria hapa, wakamchukua. Leo Alhamisi. Faili linakwenda kwa mwanasheria wa serikali saa tisa mchana. Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Pranav.

"Na mkeo akifa?"

Elisaria alifuta uso kwa kiganja. Wote watatu walijua kosa hilo litaitwaje.

"Sasa saa nne na robo," alisema Wilbert. "Mangi, nenda kauze ndoo zako. Ukibaki hapa mtapigana. Wewe bosi, niambie kitu kimoja. Mkeo anaumwa nini hasa? Kila niliyemuuliza mtaani ananiambia la kwake. Mmoja presha, mwingine karogwa na mke mwenza ambaye hayupo."

Elisaria aliondoka akinung'unika Kichaga. Pranav alichukua kipande cha waya juu ya kaunta na kisu kidogo. Alikwangua plastiki sehemu tatu, shaba ikachungulia.

"Wanaita em-esi. Maltipo sklerosisi. Mwili unakwangua wenyewe ganda la mishipa ya fahamu. Ukipitisha umeme kwenye waya huu, utakuwaje?"

"Utapiga shoti."

"Basi. Yeye anapiga shoti ndani. Miguu inamuungua, anasema kama anakanyaga makaa, na sakafu ni ya baridi. Akiinamisha shingo, umeme unateremka mgongoni. Siku nyingine anahisi mkanda unambana mbavu. Ukimwangalia, huoni kidonda hata kimoja."

Wilbert alikichukua kile kipande, akakigeuzageuza. Miaka yote kauziwa nyaya, kabeba nyaya, na kaiba nyaya mara moja akiwa mdogo, lakini hajawahi kufikiria kwamba yeye mwenyewe kajengwa kwa hizo.

"Na dawa? Mbona nasikia ni furushi? Si apewe moja kali, yaishe?"

"Tulianza na moja. Gabapentini. Ikiwa kidogo, moto uko palepale. Ikipandishwa, anayumba kama mlevi, anasahau jina la mtaa wetu. Daktari akasema tusimjaze hiyo moja. Tuchanganye. Kidogo cha hii, kidogo cha nyingine, kila moja inashika pake. Akaongeza amitriptilini usiku. Alikaa vizuri mwaka mzima, alianza hata kushuka hapa dukani. Mwezi huu moto ukarudi. Jumatatu akaongezewa ya tatu, tramadoli. Kwa wiki mbili tu, mpaka utulie."

"Jumatatu."

"Jumatatu jioni nimenunua. Jumanne mchana nimemkuta hivyo." Pranav aliweka kisu chini. "Nani mwingine yuko ndani mchana? Mama yangu na Theo. Sasa unataka niseme mama yangu?"

"Nataka unipeleke juu," alisema Wilbert.

Walipanda ngazi. Kule juu kulinukia iliki na ubani. Kwenye kizingiti Wilbert alivua viatu, kwa sababu aliona viatu vingine vimevuliwa, na kwa sababu mama wa Pranav alikuwa anamtazama miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Jyotsna alikuwa mwembamba, nywele nyeupe, sari ya rangi ya majivu. "Umekula? Nikuwekee chai?"

"Chai sikatai."

Aliingia jikoni. Kupitia mlango Wilbert alimwona akitwanga iliki kwenye kinu kidogo cha jiwe, anainua mfuniko wa sufuria kwa ncha ya sari ili asiungue. Jiko lilikuwa safi hadi linatisha. Hamna nyama, hamna samaki. Theopista aliwahi kumwambia kaka yake kwamba nyumba ile hata yai halipandi ngazi. Akitaka dagaa anakwenda kuwala kwa mama ntilie, halafu anaosha mikono mara mbili.

Pranav alileta kopo la biskuti lenye dawa na karatasi yenye ratiba aliyoipiga mistari kwa rula. Wilbert alikaa chini, akazipanga pakiti za dawa kama karata. Aliamini kuhesabu kuliko maneno ya mtu.

"Za njano?"

"Gabapentini. Mbili asubuhi, mbili usiku."

"Hii nyeupe ndogo?"

"Amitriptilini. Moja usiku."

"Hii ya kijani na nyeupe?"

"Tramadoli. Moja asubuhi, moja usiku. Nilinunua kumi."

"Zimebaki nane. Ya Jumatatu usiku nani alimpa?"

"Mimi. Na maji. Za usiku nampa mimi, za asubuhi anapewa na Ba, mama yangu, au Theo, mimi nakuwa nimeshafungua duka."

Wilbert alihesabu za njano, akalinganisha na tarehe ya risiti. Akahesabu tena kuanzia mwisho. Akahesabu mara ya tatu, anagusa kila tundu kwa kidole.

"Polisi walihesabu hizi?"

"Walihesabu maganda."

"Maganda matatu. Rangi gani?"

"Mawili ya njano, moja la kijani."

"Yalikuwa yamevunjika?"

Pranav alifikiri. "Hapana. Hilo lilimshangaza hata inspekta. Yalikuwa yamefungwa tena vizuri, nusu ndani ya nusu. Ukiangalia unasema nzima. Mpaka utikise."

Chai ilifika. Jyotsna aliweka vikombe, akatazama zile dawa sakafuni, akatazama pembeni haraka.

"Theo alikuwa mtoto wa hapa," alisema, bila mtu kumuuliza. Akarudi jikoni.

Wilbert alikunywa fundo moja. "Bosi, angalia huu mchezo. Njano mbili, kijani moja. Hiyo ni dozi ya asubuhi ya Jumanne, kamili. Haijapungua, haijazidi. Kwenye kopo hamna hata kidonge kimoja kilichopotea. Mtu anayetaka kuua anafungua dozi ya daktari, anahesabu kama daktari, anaacha ushahidi kwenye kizoleo?"

"Labda alitoa dawa akaweka kitu kingine."

"Hospitali wamesema kuna kitu kingine?"

"Hapana," Pranav alikiri. "Wamesema ni ileile tramadoli, imezidi mwilini. Walimchoma sindano ya kuizima, akapumua vizuri, baada ya muda akazama tena, wakachoma tena."

"Kwa hiyo dawa imezidi mwilini, na kwenye kopo haijapungua."

Alilisema polepole, kwa raha fulani ambayo haikufaa kwenye nyumba ya mgonjwa. Lakini ndivyo alivyokuwa. Kitu kisichoingia akilini kilimwasha kama upele.

Alipotoka, alipita njia za nyuma kuelekea duka la dawa, anakwepa mikokoteni na watu waliobeba maboksi mpaka juu ya macho. Njiani alirudia kichwani maneno ya Theopista. Asubuhi hiyo alikuwa amemwona kituoni, nyuma ya nondo, kanga yake imekunjamana, uso hauna hata chozi. Alimuuliza nani kafungua zile kapsuli. Theopista akamjibu: "Kaka, anayejua atasema mwenyewe. Mimi nasubiri." Akamuuliza tena, akamtisha kidogo, akamwambia faili linaondoka saa tisa. Akajibiwa hivyohivyo. Wilbert aliwahi kuona watu wanaficha kitu wakatoka jasho. Huyu hakutoka jasho. Alikuwa kama mtu aliyekaa benki na namba yake mkononi.

Joyceline, mfamasia, alikuwa nyuma ya kioo anamfokea jamaa aliyetaka antibayotiki tatu tu za kuonja.

"Siuzi karanga mimi! Rudi na cheti." Akamwona Wilbert. "Na wewe umekuja kuninusa nini?"

"Mambo, dada Joy."

"Poa. Sema, nina foleni."

"Jumatatu jioni ulimuuzia Mhindi wa nyaya tramadoli. Ulimpa feki?"

Foleni nzima ikageuka. Joyceline akafungua mlango wa pembeni, akamvuta ndani kwa kola.

"Ukirudia neno hilo mbele ya wateja wangu nitakupa sindano ya ng'ombe. Cheti ninacho, nakala ninayo, namba ya toleo ninayo. Angalia." Alimsukumia daftari la dawa za kudhibitiwa. Kila kitu kilikuwepo, mpaka sahihi ya Pranav. "Na daktari nilimpigia mwenyewe kabla sijatoa, maana nilipoona anakula na amitriptilini nilitaka kuhakikisha anajua. Alijua. Kaanza na kiwango kidogo."

"Kwani zina ugomvi?"

"Zote zinalaza. Gabapentini inalaza, amitriptilini inalaza, tramadoli inalaza na inapunguza pumzi. Ukichanganya kwa kipimo, kila moja kidogo, mgonjwa anapata nafuu bila kulewa moja. Ukikosea kipimo, zinashikana mikono zinakuzamisha. Ndiyo maana tulichagua hii ya kijani."

"Hii ina nini?"

Macho yake yaling'aa. Joyceline alikuwa mkali, lakini ukimuuliza swali la kazi yake analainika kama maandazi kwenye chai. Alichukua kapsuli moja ya kijani kutoka kwenye boksi, akaiinua kwenye mwanga.

"Unaona ndani? Siyo unga. Ni shanga. Ndogo kama ulezi. Kila shanga imevaa koti. Tumboni makoti yanavuliwa kwa zamu, dawa inatoka polepole, masaa kumi na mawili. Mgonjwa anapata kidogo kidogo mchana kutwa."

"Na njano?"

"Njano unga tu. Haina koti. Ukiimwaga kwenye uji, kazi ileile."

Wilbert alisogea karibu na kaunta.

"Ukiimwaga ya kijani kwenye uji?"

"Shanga zikimezwa nzima, siyo mbaya sana."

"Zikisagwa?"

Joyceline alishusha mkono. "Nani kasaga?"

"Nauliza tu."

"Zikisagwa umezivua makoti yote. Dawa ya nusu siku inaingia kwa mpigo. Na kama usiku alimeza nyingine nzima, ile bado inatoka. Ukijumlisha na gabapentini ya asubuhi na mabaki ya amitriptilini…" Akaweka boksi chini. "Wilbert. Nilimwambia Pranav. Imezwe nzima, na maji. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

"Nakuamini. Yeye hakusaga." Alichukua ile kapsuli, akajaribu kuifungua. Ikamponyoka, ikabonyea, shanga zikatawanyika kaunta nzima na nyingine zikamwingia mfukoni.

"Mikono ya nyundo hiyo! Hulipi?"

"Samahani. Kumbe siyo rahisi."

"Mpaka uzoee."

Aliganda kwenye neno hilo. *Mpaka uzoee.* Yale maganda kwenye kizoleo yalifungwa tena, nusu ndani ya nusu, na mtu aliyefanya hivyo hakuwa anajaribu mara ya kwanza. Mtu aliyefungua mia. Mtu aliyefungua elfu moja za njano, na za njano hazikumdhuru yeyote, ndiyo maana hakuogopa ya kijani.

"Dada Joy, swali la mwisho la kijinga. Kwa nini mtu afungue kapsuli? Siyo kuua. Kwa wema tu."

"Wengi wanapaliwa. Watoto. Wazee." Alianza kukusanya shanga kwa kadi. "Na wengine ganda lenyewe hawalitaki. Hili ganda ni jelatini, linachemshwa kutoka kwenye mifupa na ngozi. Mara nyingi ya ng'ombe. Wateja wangu Wahindu kuna wanaouliza…"

Alipoinua kichwa, Wilbert alikuwa ameshafika mlangoni.

Alirudi saa saba na nusu, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na kapsuli mbili za mlonge alizonunua kwa muuza dawa za asili nje ya soko. Alimkokota Pranav kutoka dukani, akamkalisha mezani juu. Jyotsna alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. 

"Mama, naomba msaada," alisema Wilbert. "Tumbo linanisumbua, nimeambiwa nile mlonge. Ila hili ganda linanikwama kooni. Bosi, hebu nifungulie, mimi vidole vyangu vya kubebea mizigo."

Pranav alimkunjia uso, lakini aliichukua. Aliivuta, akaizungusha, akaibana. Ikapasuka. Unga wa kijani ukamrukia kwenye shati.

Jyotsna alisonya. "Tangu mdogo huna subira." Alinyoosha mkono, na mkono huo ulikuwa tayari umejifunika ncha ya sari. Akaipokea ya pili kwa kitambaa bila kuigusa kwa ngozi. Akaizungusha mara moja, akagonga kwenye kisosi mara mbili, unga wote ukalala pale, kilima kidogo kisafi. Kisha, bila kuangalia, akaingiza nusu ndani ya nusu, akalitupa ganda kwenye kizoleo pembeni ya mlango.

Halikutoa hata sauti.

Ungo ulibaki mapajani mwake. Pranav aliangalia kile kisosi, akaangalia kizoleo, akamwangalia mama yake.

"Ba," alisema. "Tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu ya kwanza. Miaka miwili."

"Nilikwambia dawa ni dawa! Nilikwambia imezwe…"

"Ulinipigia kelele, sikukuuliza tena." Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Ni ng'ombe, Pranav. Mtoto wa watu anasali kila asubuhi na miguu inamuungua. Nimtie mfupa mdomoni? Dawa nilimpa yote. Na asali, na iliki. Yeye alidhani ni kwa sababu anapaliwa. Hata chembe sikumwaga."

"Ya Jumanne, mama," alisema Wilbert. "Ile ya kijani. Ndani haikuwa unga."

"Ilikuwa kama ulezi. Migumu. Nikasema itamkwaruza koo." Alitazama kuelekea jikoni, kwenye kinu cha jiwe. "Nikaisaga."

Wilbert alimwambia. Hakuwa fundi wa kuzunguka maneno, kwa hiyo alimwambia kama alivyoambiwa: shanga, makoti, masaa kumi na mawili kwa mpigo, na ile ya usiku ikiwa bado inatoka. Alitegemea kufurahi. Kila akifumbua jambo huwa anafurahi. Safari hii alijikuta anaangalia mchele.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Jyotsna.

"Ni wewe, mama. Ila hukujua."

Pranav alikuwa ameshashika simu, anaongea na daktari, anarudia neno "zimesagwa" mara tatu. Alipokata, macho yalikuwa mekundu. "Wanasema afadhali wamejua. Bado wanamwangalia. Asubuhi alifumbua macho, akaomba maji." Alivuta pumzi. "Wilbert, nipe mpaka kesho. Nitafute wakili. Mama yangu ana miaka sabini na moja, siwezi kumpeleka polisi hivihivi."

"Saa nane kasoro. Saa tisa faili linaondoka na jina la Theo. Likishaondoka, kulirudisha ni miezi. Atakaa gerezani Segerea anamsubiri wakili wako?"

"Nitamlipia…"

"Theo alikuwa anajua," alisema Jyotsna.

Wote wawili walimgeukia.

"Yale maganda alikuwa anazoa yeye, kila siku. Aliniona. Nilimwomba asimwambie Pranav, kwa sababu ya kelele. Akasema, sawa mama." Alikunjua miguu, akausogeza ungo. "Walipomfunga pingu hapo mlangoni, aliniangalia mimi. Hakuwaangalia wao. Nikasema moyoni, maganda siyo kosa, watajua wenyewe, watamwachia. Nikaingia kupika."

Alisimama. Akaenda chumbani, akatoka na shali na kandambili za bluu za Theo, zilizoliwa kisigino.

"Ba, ngoja basi…"

"Nimengoja siku mbili," alisema, na akawa wa kwanza kushuka ngazi.

Inspekta Abdulswamad hakupenda kuharibiwa faili saa nane na dakika arobaini. Aliwasikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa, halafu akaomba ile kapsuli ya kijani aione. Wilbert alitoa shanga nne zilizokuwa zimebaki mfukoni, akazipanga kwenye karatasi. Inspekta aliziponda moja moja kwa mgongo wa kalamu, kwa udadisi wa mtoto.

"Kumbe," alisema. Akaandika kurasa tatu. Jyotsna aliweka sahihi kila ukurasa. Inspekta akamwambia asitoke Dar, na akitakiwa aitike. Kisha akapiga kelele kuelekea mahabusu: "Mleteni Theopista!"

Walimkabidhi bahasha yake kaunta: simu, leso, na funguo za nyumba, sita kwenye uzi mwekundu. Elisaria alikuwa anasubiri barazani. Alitaka kumkumbatia dada yake, mikono ikaishia njiani.

Jyotsna aliinama, akaweka zile kandambili za bluu mbele ya miguu mitupu ya Theopista. Mwanamke wa miaka sabini na moja, kwenye sakafu ya kituo. Pranav aligeuza uso ukutani.

"Twende nyumbani, Theo," alisema Jyotsna. "Nirali akirudi atakuuliza wewe kwanza."

Theopista alivaa kandambili, mguu mmoja, halafu mwingine.

"Shikamoo, mama."

Jyotsna aliinuka. "Marahaba."

"Siku ile ulikuwa umesimama pale mlangoni. Nilikuangalia."

"Nilikuona."

"Hawa maaskari waliniuliza usiku na mchana. Nikawaambia nasubiri. Wakacheka. Wakaniuliza, unamsubiri nani? Sikuwaambia, maana nilikuahidi."

"Nimekuja, mwanangu."

"Umekuja," alisema Theopista. Haikuwa hasira. Wilbert, anayejua hasira za Kariakoo zote, aliitafuta usoni mwake, hakuiona. "Nirali msimlaze chali, anapaliwa. Miguu msimfunike shuka zito, linamuungua. Mwambie namsalimia."

Aliuchukua mkono wa Jyotsna, akaufungua kiganja, akaweka zile funguo sita.

"Ule wa jikoni unakwama. Unyanyue kidogo ndiyo uzungushe."

Akavifunga vidole vya yule mama juu ya funguo, akajifunga kanga upya kiunoni, akageuka, akashuka ngazi za kituo na kushika njia ya Mnazi Mmoja, siyo ya kule dukani. Kandambili zilipiga kisigino, pa, pa, pa, mpaka kelele za mtaa zikazimeza.